Moshi wa Bluu wa Kabambare

Niliondoka Kasongo kwa sababu ya simu ya Feza, mtoto wa mama yangu mdogo, ambaye huniita yaya kwa kuwa nilimtangulia kuzaliwa. Feza anaongoza kikundi cha wakulima wa mpunga kule Kabambare. Kamioneti yao, gari pekee walilonalo la kubebea mavuno, ilikuwa inatoa moshi mzito wa bluu na kumaliza mafuta ya mota kila safari. Mpunga ulijaa ghalani, mvua zilikuwa karibu, na mfanyabiashara mmoja wa Salamabila alitaka kuinunua kamioneti hiyo kama chuma chakavu.

"Yaya, anasema mota imekufa," Feza aliniambia. "Wenzangu wanataka kukubali. Kuja uangalie kwanza."

Mimi ni fundi wa magari, lakini magari ndiyo huja kwangu. Sijawahi kulifuata gari gonjwa mbali hivyo. Nilitia kwenye mfuko funguo zangu, vibano na vipande vya mipira, nikafunga karakana.

Alfajiri nilipanda pikipiki ya Salumu, kijana anayeijua njia ile kuliko wote mjini. Njia yenyewe ni mchanga, kisha tope, kisha mawe. Kwenye madaraja ya magogo nilishuka nikavuka kwa miguu huku yeye akiisukuma pikipiki polepole. Tulipishana na watu wa baiskeli zilizosheheni madumu ya mawese, wakisukuma kwa mabega. Nyuma ya Salumu nilikuwa nawaza moshi tu. Ukiwa mweusi, mota inakosa hewa au inazidishiwa mazuti, yaani dizeli. Mweupe usiokwisha, maji yanaingia ndani. Wa bluu ni mafuta ya mota yanayoungua, na mara nyingi maana yake ringi za pistoni zimelika. Kama ni ringi, vipuri vingetoka mbali sana, na mpunga ungeoza ukingoja.

Jua likielekea kuzama tukaingia Kabambare, wekundu kwa vumbi mpaka kwenye nyusi. Feza alinipokea kwa maji ya kuoga, bugali na sombe ya majani ya muhogo, akakataa tuongelee gari kabla sijashiba.

Asubuhi nilikuta watu wamekwisha kuizunguka kamioneti. Yule mfanyabiashara, Papa Hamadi, alikuwa amekalia kiti chake mwenyewe, kama mtu aliyekuja kuchukua kilicho chake. Dereva, Papa Ramazani, mtu mpole wa makamo, aliwasha. Moshi wa bluu ukaufunika uwanja mzima, kuku wakakimbia.

Nikafungua kifuniko cha kutilia mafuta wakati mota inazunguka. Pumzi ya moto ikanipiga usoni pamoja na matone ya mafuta.

"Umeona, mama?" Papa Hamadi alicheka. "Ringi zimekwisha. Ni mambo ya bure."

Hata mimi nilifikiri hivyo. Nikamwomba Papa Ramazani azime, nikamwita kando.

"Papa, hii moshi ilianza lini?"

"Tangu ile siku gari ilikwama kwa daraja," alijibu. "Mbele ya pale haikukuwa na moshi hata kidogo."

"Na kwa daraja, kitu gani iliharibika?"

"Kitu kidogo tu. Tiyo moja, mpira ule wa juu ya mota, ilipasuka. Niliweka ingine, ya maji."

Ringi hazifi kwa siku moja. Nilirudi kwenye mota nikaufuata ule mpira kwa vidole. Ulikuwa mpira laini wa kumwagilia bustani. Joto lilikuwa limeulainisha, ukajikunja na kubanana, bapa kabisa. Kumbe ile ndiyo pua ya mota: hewa chafu ya ndani hutokea hapo. Ikizibwa, inasukuma mafuta mpaka mahali pa kuungua. Kisha nikachomoa kijiti cha kupimia. Papa Ramazani, kwa hofu ya mafuta kuisha, alikuwa ameongeza mpaka yakapita alama mbali.

Nikautoa mpira, nikamwambia awashe tena. Niliweka kiganja kwenye tundu la mafuta. Safari hii nilisikia pumzi ndogo tu. Mota ilikuwa nzima! Nilitamani kupiga kelele, lakini nilijizuia. Nilipunguza mafuta, nikafunga mpira mgumu niliokuja nao, nikakaza vibano.

Papa Ramazani akawasha. Moshi wa bluu ukatoka vilevile.

Watu waliguna. Papa Hamadi akasimama. "Bado, mama."

Feza alinishika mkono. "Yaya?"

"Bomba la moshi limejaa mafuta ya zamani," nilimwambia. "Lazima yaungue kwanza. Pakieni magunia. Twende mlimani."

Walipakia. Wanawake wa kikundi wakapanda juu ya mpunga. Tulipoanza kupanda mlima nilikuwa natazama kioo cha pembeni: wingu zito nyuma yetu, halafu jepesi, halafu uzi mwembamba. Kileleni Papa Ramazani alikanyaga kwa nguvu, na kwenye kioo nikaona barabara tupu, nyekundu, safi. Vigelegele vililipuka juu yetu. Papa Ramazani alikuwa akilia na kucheka pamoja.

Tuliporudi uwanjani, Papa Hamadi alizunguka nyuma, akaingiza kidole kwenye bomba, akakitazama. "Bon," alisema. "Mama fundi, gari yangu nayo iko na moshi. Mweusi." Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika mpaka sokoni.

Siku ya kurudi sikupanda pikipiki. Niliingia Kasongo kwa kamioneti hiyohiyo, na shehena ya kwanza ya mpunga, Feza akiimba kati yangu na Papa Ramazani.

Tangu safari ile, gari likiletwa linafuka moshi, sishiki funguo kwanza. Namkalisha dereva, nampa maji ya kunywa, namuuliza: ilianza siku gani, na siku hiyo ulibadilisha nini?