Mvua Juu ya Migomba ya Fundi

Juzi wameikata migomba iliyokuwa nyuma ya nyumba ya fundi cherehani, na mimi tangu siku hiyo sina pa kukaa mvua ikinyesha. Kama wewe si mtu wa Tukuyu utacheka. Utasema, mtu mzima, ana chumba chake cha kupanga, bati juu, mlango una komeo, anakosaje pa kukaa? Basi sogea karibu nikusimulie, maana majirani zangu wameshanichoka.

Huku kwetu mvua siyo habari. Mnasalimiana, mnaulizana watoto, maji yanawatiririka usoni na hakuna anayeyataja. Nami nilikuwa hivyohivyo mpaka darasa la nne. Shule yetu ya kijijini, upande wa Kisondela, ilikuwa ya bati bila dari. Mvua ikikolea mwalimu alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, halafu alikata tamaa, akaweka chaki, akatuonyesha kwa mikono: laleni. Tukalaza vichwa juu ya madawati. Jamani, usingizi ule! Harufu ya masweta yaliyolowa, moshi wa jikoni kwenye nywele za mwenzako, bati linavuma juu kama ngoma mia, na hakuna wa kukuuliza hesabu. Niliupenda usingizi ule kuliko somo lolote.

Siku hiyo nayo tulilala. Na mimi nikiwa nimelala hivyo, mlima ukashuka juu ya nyumba yetu. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi, mdogo wangu yuko mgongoni.

Aliyefanya hivyo nitamtaja, maana wote wanaogopa kumtaja. Ni baba mkubwa, kaka yake marehemu baba. Yeye ndiye aliyeuza miti ya kule juu, miti aliyoipanda babu ili ishike udongo. Mnunuzi wa mbao akaja na misumeno yake, mlima ukabaki umenyolewa kama kichwa cha mfiwa. Mama alimwambia mbele ya watu, "Shemeji, huko juu kutatuangukia." Akamjibu, "Wewe mwanamke umeolewa hapa. Mlima umeukuta." Watu wakacheka. Msibani akasimama, kofia mkononi, akasema ni mapenzi ya Mungu. Nilikuwa mtoto lakini nilimsikia. Mungu hakushika msumeno.

Bibi mzaa baba akanichukua. Toka msiba ule hakula tena chakula kilichotoka kwa mwanawe huyo, hata chumvi. Shule yangu ikaishia hapo, maana mwalimu akisema laleni mimi natoka mbio, nafika nyumbani nimelowa, natapika. Nyumba ya bibi nayo ilikuwa ya bati. Likianza tu kugongwa nilikuwa nimeshaingia uvunguni, vidole masikioni.

Siku moja bibi alichoka. Akanivuta mguu kama anavuta mbuzi, akanitoa nje, mvua inanyesha, akanipeleka katikati ya migomba yake. Migomba ya bibi ilifagiliwa kila asubuhi kama sebule; sindano ikianguka unaiona. Kwenye mashina alitandika majani makavu, mazito, yanakupokea kama godoro. Akanikalisha hapo, akakata jani bichi akanifunika mabegani, naye akakaa.

"Gwe mwana," akasema, na huyo ndiye mimi, mtoto wake, "bati linapiga kelele zake lenyewe. Hiyo siyo sauti ya mvua. Sauti ya mvua ni hii."

Nikatoa vidole masikioni. Mvua iligonga jani la juu, likainama likaimwaga kwenye jani la chini, nalo likaitelezesha kwenye shina, ikashuka polepole mpaka kwenye majani makavu. Kufika kwako imeshachoka, haina tena ugomvi na mtu. Bibi akatoa kwenye khanga ndizi za moto alizozipika na maharage, zimefungwa kwenye jani, zinanukia utamu na moshi. Tukala huku tunaisikiliza. Hapo ndipo nilipolala kwa mara ya kwanza tangu mama afukiwe.

Ikawa ndiyo kawaida yetu. Watu wakikimbilia ndani, sisi tunatoka. Wapita njia walisema yule mzee ameshaharibikiwa, na anamharibu na mjukuu. Bibi anawajibu, "Ndaga, endeleeni kukimbia," yaani asanteni.

Kitu kingine alinionyesha. Akishakata mkungu, alikata na mgomba wenyewe, ndivyo inavyotakiwa, ili mtoto wake wa pembeni apate nguvu. Kesho yake asubuhi akaniita kwenye kisiki. Kilikuwa kimekatwa sawasawa kama meza, lakini usiku ule moyo wake ulikuwa umepanda juu, mweupe, umechomoza kama kidole. "Umeona?" akasema. "Haujaambiwa kwamba umekatwa." Nilifikiri sana juu ya hilo. Nilifikiri na mama labda hajaambiwa.

Bibi alipofariki, hata matanga hayajaanuliwa, baba mkubwa akang'oa migomba yote akapanda parachichi za kupeleka nje. Aling'oa mpaka pale tulipokuwa tunakaa. Sina ugomvi na parachichi, ni mti wa watu, umewasomeshea wengi watoto. Lakini mvua ikinyesha juu yake hausemi kitu. Nikamwuliza, "Baba, na mimi nitakaa wapi?" Akasema, "Wewe ni wa kuolewa." Niliolewa, nikaachika, ndiyo hivyo.

Nikaja mjini hapa Tukuyu. Nauza ndizi sokoni, si unaona mambo ya dunia, nashinda na mikungu na migomba sina. Mvua ikinikuta chumbani, nilikuwa natoka nasimama njiani kama mwehu, nalowa, kuliko kukaa chini ya bati.

Mpaka siku moja nikapita nyuma ya nyumba ya fundi cherehani. Mzee huyo wazee wake walitoka pwani zamani na biashara ya vitambaa, yeye akazaliwa hapahapa. Nyuma ya choo chake palikuwa na migomba, mirefu, minene, haikukatwa majani. Nikajibanza. Akaniona dirishani.

"Bibi wee, utaoza huko! Ingia ndani, hatukuli!"

"Niache tu mzee wangu, hapa ndipo penyewe."

Akanitazama juu ya miwani. "Penyewe nyuma ya choo? Nyie Wanyakyusa mna mambo." Akafunga dirisha. Lakini mvua iliyofuata nilikuta kigoda kimewekwa pale, na siku za baridi alikuwa anatoka na mwavuli, kikombe cha kahawa ya tangawizi mkononi, ananipa, anarudi kwenye cherehani yake. Hakuniuliza sababu hata siku moja. Alisema tu, "Kila mtu na msikiti wake." Miaka na miaka nilipumzika pale. Watu wana bahari, wana hoteli, mimi nilikuwa na kigoda nyuma ya choo cha fundi, na sikumwonea wivu mtu.

Masika yaliyopita fundi akafariki. Mwanawe akarudi kutoka Mbeya na fundi ujenzi, akaanza kupimapima na kamba. Nikaenda nikamwomba.

"Shikamoo mama. Hapa napiga fremu za biashara, mji unakua."

"Marahaba mwanangu. Niachie hata shina moja, lile la ukutani. Baba yako alikuwa ananiacha nipumzike pale."

"Kwenye migomba? Mama bwana! Si uende pale gadeni mpya? Viti vipo, tivii ipo, soda ya baridi. Watu wote wanapumzikia pale."

Fundi ujenzi akadakia, "Mwache, huyo mama anataka urithi. Mpe na mkungu wake!" Wakacheka. Kicheko kilekile cha kijijini, siku ile mama aliyosema.

Usidhani sikwenda gadeni. Nilikwenda, nikaagiza chai, nikakaa. Bustani yenyewe imeezekwa bati. Mvua ilipoanza, mhudumu akaongeza muziki ili uishinde mvua, na watu wakaongeza sauti ili waushinde muziki. Chai niliiacha.

Jumatatu wakakata. Kesho yake asubuhi niliwahi kabla ya sokoni. Visiki vyote vimechomoza mioyo, myeupe, imepanda juu kama vidole vya darasa zima linalojua jibu. Nikakaa kwenye kigoda changu nikaitazama. Kisha lori la kifusi likarudi kinyumenyume, na yule mwana wa fundi cherehani akanishika mkono taratibu, nisimsingizie, alinishika taratibu, akasema, "Mama, sogea tusikuumize." Lori likamwaga. Nilisikia udongo ukishuka. Ile sauti sikuwahi kuisikia nilipokuwa shuleni, nilikuwa nimelala. Nimeisikia sasa.

Labda alinionea huruma. Aling'oa chipukizi moja la ukutani, ambalo kifusi hakikulifikia, akanikabidhi: "Nenda kapande kwako, mama." Kwangu wapi? Kwa bibi kuna parachichi. Kwa mama kuna mlima. Nikalipanda kwenye ndoo tupu ya rangi, nikaliweka mlangoni pa chumba changu, mwenye nyumba akanuna.

Limetoa jani moja. Leo mvua imeanza mchana, nimekaa kizingitini, nimeinama mpaka sikio linakaribia kuligusa. Nalitazama linavyopigwa, linainama, linamwaga maji, linainuka, kama lilivyofundishwa. Silisikii. Bati ndilo linalosema peke yake.