Simu Yangu Ilisema Ng'ombe wa Dada Wamelala

Mwenye kosa ni mimi. Natanguliza hilo kwa sababu najijua: nikipewa nafasi ya kujieleza kidogo tu, nitapata wa kumlaumu, na mwishowe mtanionea huruma. Msinionee!

Nina miaka hamsini na ushee, naishi Buswelu, nimesomea uchumi chuo kikuu, na kazi yangu ni kufundisha watu wazima namna ya kutunza fedha. Sentensi hiyo nimeiandika nikicheka peke yangu, kicheko kibaya.

Miaka michache iliyopita, mimi na rafiki yangu mtaalamu wa kompyuta tulitengeneza programu ya simu. Unaandika mali uliyonayo, unaandika jambo unaloliahirisha, nayo inakuonyesha kwa tarakimu nyekundu hasara uliyopata kwa kukaa tu. Tuliiita Kesho. Niliipenda kuliko inavyofaa kupenda kitu kisichokula.

Wa kwanza kuonyeshwa alikuwa dada yangu, mkulima wa kijijini Usagara. Nitamwita Milembe, ingawa silo jina lake. Ni mjane. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, na ada yangu ya sekondari aliilipa kwa kuuza ng'ombe.

Wakati huo alikuwa na ng'ombe wanne, na hakuna hata mmoja aliyelala kwake. Aliwaweka kwa majirani wanne, kama watu wa kwetu wanavyofanya: jirani anachunga, maziwa anakunywa yeye, samadi yake, ila ng'ombe na ndama ni wako. Mimi msomi nikawaandika kwenye Kesho kuwa ni "mali iliyolala." Ndama waliokwisha kwenda kwenye mahari za wanawe sikuwahesabu. Niliona wanavuruga hesabu.

Ilikuwa Jumapili ya kipaimara cha mjukuu wake. Ua umejaa ndugu, wakwe na watu wa kanisani. Nikasimama na simu yangu kama mhubiri.

"Dada, tazama. Tangu shemeji afariki, hizi ndizo hela ulizopoteza."

Aliipokea simu kwa mikono miwili, kama aliyepewa mtoto wa watu ampakate. "Zote hizi?"

"Zote."

"Zimekwenda wapi?"

Wakwe wakacheka. Nami nikacheka! "Hazikwenda popote, dada. Hazikuja."

"Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa mjinga, mdogo wangu?"

Jibu lililotakiwa lilikuwa neno moja tu: hapana. Mimi nikasema, "Si ujinga, dada. Ni kukosa elimu ya fedha." Mbele ya wakwe zake! Heri ningemeza ulimi wangu siku ile.

Wiki mbili baadaye aliwachukua ng'ombe kwa majirani, akawauza mnadani, akaniletea hela Buswelu zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kanga. "Ziweke huko kunakozaa," akasema. Nikaahidi kununua hatifungani za serikali wiki inayofuata.

Ndugu zangu, sikununua.

Sikuziiba. Niliziweka kwenye akaunti yangu nikingoja fomu. Halafu nikangoja picha ndogo za fomu. Halafu nikawa na shughuli nyingi za kualikwa kwenye semina, kueleza watu madhara ya kuahirisha mambo. Miezi kumi na minne! Dada akipiga simu kuuliza, "Zimezaa?" namjibu, "Zinazaa, dada. Taratibu."

Mvua zikaja. Zamani wale majirani wanne walikuwa wanafika na maksai na plau zao bila kuitwa. Msimu ule hakuja mtu. Dada alilima kwa jembe la mkono, nusu ya shamba ikabaki majani. Kisha malaria ikamlaza siku tatu kabla hajagongewa mlango. Zamani hapakupita asubuhi bila jirani mmoja kuja kumpa habari za ng'ombe. Sasa hapakuwa na habari za kumletea.

Alipopona alisema neno moja: "Nirudishie ng'ombe wangu."

Nikazitoa hela vilevile zilivyoingia. Bei ya ng'ombe ilikuwa imepanda, zikatosha watatu. "Soko liliyumba, dada," nikamdanganya. Wa nne nikamnunua kwa mshahara wangu, na, Mungu anisamehe, nikajiona mkarimu.

Tukampeleka wa kwanza kwa jirani, mzee niliyemfahamu tangu nikiwa na kaptula.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu." Akamwangalia ng'ombe, wala hakuigusa kamba. "Dada yako ni mtu wetu. Kwenye msiba tutakuja, kwenye sherehe tutakuja. Ng'ombe wake, hapana. Yule mwekundu nilimtunza miaka sita, akaondolewa siku moja eti simu imesema amelala. Kwangu hakulala hata siku moja, mwalimu!"

Wale majirani wengine watatu walisema hivyohivyo, kwa maneno machache zaidi. Njia nzima ya kurudi dada hakuniangalia.

Sasa ng'ombe wote wanne wako uani kwake. Anawachunga mwenyewe, na miguu yake ile! Siku hizi nikifika na kumwamkia, ananijibu, "Marahaba, karibu mgeni." Mgeni! Mimi aliyenibeba mgongoni!

Enyi wenzangu mnaojua hesabu, kabla hamjasema mali ya mtu imelala, muulizeni kwanza inafanya kazi gani pale ilipo. Na msimsahihishe mtu mzima mbele ya wakwe zake.

Lingine ndilo linaloniua. Mpaka leo dada anaamini soko ndilo lililoyumba. Nimepanga kwenda Usagara kumwambia ukweli Jumamosi, na hii ni Jumamosi ya tatu. Jana nikafungua Kesho kwa jina langu mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu tuitengeneze. Ikauliza ni jambo gani ninaloliahirisha. Nikaandika: kumwomba dada msamaha. Ikauliza thamani yake kwa shilingi.

Nikaizima simu. Ninyi mnaosoma haya, kama mna deni kama langu, nendeni leo. Msiwe waoga kama mimi, niliyeanza kuwaambia ninyi kabla yake.