Mishipi Niliyoiruka

Juzi hapa stendi ya Kibiti kijana wa bodaboda alikuwa anafunga gunia la mkaa nyuma ya pikipiki yake. Kamba ya nailoni ilikuwa imechanuka nchani, akawasha kiberiti akaichoma. Ile harufu, chungu halafu tamu kidogo, ikanipanda puani, nikasimama palepale na kapu langu la nyanya. Watu walidhani nimesahau kitu sokoni. Kumbe mwenzao nilikuwa nimeshafika kwa bibi yangu, upande wa Chumbi, nimekaa uani kwenye mkeka, na uzi nimeubana kwa meno.

Bibi Salima, mama yake mama, alikuwa mfungaji wa mishipi ya kuvulia samaki. Mto Rufiji ukishafurika na kurudi kitandani mwake huacha maziwa madogo nyuma, na moja la maziwa hayo lilikuwa letu. Wavuvi wake walikuwa wanaume watupu, lakini ndoana zao karibu zote zilipita mikononi mwa bibi. Wao walimletea uzi na ndoana, yeye akafunga, nao wakamletea samaki. Na msinione nina roho mbaya, lakini samaki wale wakubwa hawakuwa wakifika kwetu. Mama msimu wa mpunga alihamia dunguni shambani kuamia ndege, kwa hiyo miezi mingi nilibaki na bibi, nikakulia katikati ya nyuzi.

Aliniita mke mwenzangu, maana marehemu babu alishaniposa kwa utani siku niliyozaliwa. "Mke mwenzangu, leta kibatari," nami naleta. Unapitisha uzi kwenye tundu la ndoana, unauzungusha shingoni mwake, unarudisha ncha ndani ya mzunguko, halafu kabla hujakaza unatia mate. Mate kwanza, nguvu baadaye, ndivyo alivyosema, kwa sababu nailoni ikikazwa kavu inajiunguza yenyewe. Mwisho ile ncha unaionjesha moto wa kibatari, inayeyuka na kuwa kidonge kidogo, na fundo halifunguki tena. Kuonjesha tu. Ukiuchelewesha motoni, uzi wote wa karibu unakufa, na kwa macho huwezi kuujua. Moto na nailoni si ndugu, alikuwa akisema, vikikutana visikae.

Kufunga nilikujua mapema. Kuchagua ndiko kulikonitoa jasho. Perege ana mdomo mdogo na woga mwingi, kwa hiyo ndoana yake ni ndogo, haina chubwi la kuizamisha, na juu yake kinakaa chelezo cha bua kavu. Kambale yeye hutomasa chambo kwanza, na akihisi uzito anakitema, kwa hiyo chubwi linakaa shibiri nzima juu ya ndoana, na kile kipande cha sabuni au utumbo wa kuku kinalala chini kimelegea, kama kimeanguka chenyewe. Lakini palipo na matope mazito mpango huo ni kazi bure, chambo kinazama na kambale hakioni. Hapo unageuza: chubwi linakwenda mwisho kabisa wa uzi, na ndoana inachipuka juu yake kwenye kitawi kifupi. Machubwi yetu yalikuwa plagi chakavu za pikipiki. Mtu akija kuchukua mshipi bibi alimuuliza anakwenda kukaa wapi, na akishajibiwa ndipo alipochagua.

Sasa palikuwa na mwiko. Mwanamke haruki mshipi wa mvuvi. Akiuruka, unaingia nuksi, samaki hawali. Mwiko wenyewe ulikuwa umewekwa na watu ambao hawakuwahi kupika uani kwetu, maana uzi mpya umejikunja na lazima unyooshwe, na bibi aliunyoosha kutoka kwenye mpera mpaka kwenye nguzo ya jiko. Yaani kati ya nyumba na jiko kulikuwa na mishipi kutwa nzima. Wanawake tulitakiwa tuzunguke nyuma ya choo, huku tumebeba masufuria ya moto. Bibi wageni wakiwepo alizunguka. Wakiondoka, alishika kanga yake juu ya goti akaruka, wala hakunitazama. Nami nikaruka nyuma yake. Niliruka asubuhi, niliruka mchana, nimebeba maji, nimebeba kuni, na wavuvi wakaendelea kuvua kama kawaida.

Nilichokitaka mimi kilikuwa kidogo tu. Nilitaka kukaa kando ya lile ziwa na mshipi wangu, nisikie samaki anavuta fundo nililolifunga kwa mate yangu mwenyewe. Kila nilipomwomba Mjomba Seif, kaka yake mama, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa wavuvi pale, alinijibu kuwa ziwani kuna mamba. Mamba walikuwepo kweli. Lakini maji ya kunywa ya kijiji kizima tuliyachota sisi wanawake, miguu ndani ya ziwa lilelile, na hakuna mjomba aliyewahi kututafutia mamba huko.

Nilipovunja ungo, mambo yakabadilika. Alasiri moja wavuvi walikuja kuchukua mishipi yao, wamejaa barazani wanakunywa chai niliyoipika. Mjomba akakohoa, akamwambia bibi, "Mama, huyu Mwajuma kashakua. Asiguse tena vyombo vya watu. Mpunga ukishavunwa awekwe ndani, afundwe, aolewe."

Hakunitazama. Alisema kama anayeagiza mbuzi ahamishwe kamba. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika, nimejaa hasira, wala si woga. Bibi alishazoea kusema mficha uchi hazai. Basi nikaona leo siufichi.

"Mjomba, shikamoo," nikasema. "Hiyo mishipi yenu nimeifunga mimi. Na nimeiruka yote."

Mmoja wao akaweka kikombe chini polepole, kana kwamba nacho nimekiruka.

"Umesema nini wee mtoto?"

"Nimeiruka. Ya mwaka huu na ya mwaka jana. Mlidhani chai hii inafikaje barazani? Inazunguka nyuma ya choo?"

Mjomba alisimama na mkono juu. Bibi naye alisimama, akaingia kati yetu, mfupi wa kumfika kifuani tu, na ule mkono ukashuka wenyewe. Wakakusanya mishipi yao wakaondoka bila kuaga. Nililia sana jioni ile, nikijua nimejifungia mlango mwenyewe, na bibi hakunibembeleza. Alinipa uzi akaniambia nifunge.

Wavuvi walikwenda kuiondolea mishipi nuksi. Walitia makaa kwenye chetezo, wakanyunyiza ubani na udi, wakaifukiza mishipi yote, moja baada ya nyingine, wakiishikilia juu ya makaa mpaka moshi uingie barabara. Kesho yake wakashuka ziwani na mioyo safi. Kambale wa kwanza alikata uzi akaenda na ndoana. Wa pili akakata. Mpaka jua linapanda, ziwa lilikuwa limemeza ndoana nyingi kuliko chambo, na wanaume wazima wamekaa wameshika nyuzi tupu.

Mjomba Seif alifika uani kwetu akihema. "Umeona, Mama? Nuksi hiyo imedhihirika. Huyu mtoto aingie ndani leo leo, nami nitamtafuta mtu wa kumsafisha."

Bibi akanyoosha mkono apewe mshipi. Akaushika kwa vidole viwili, akauvuta kidogo tu, ukakatika. Akauvuta pengine, ukakatika tena. Akauleta puani, akamrudishia mwanawe.

"Nusa," akamwambia. "Huu haukurukwa. Huu umepikwa."

Mjomba alinusa, akanusa tena. Lakini mtu mzima kurudi nyuma ni kazi. Akasema kupikwa au kurukwa, maneno yake ni yale yale.

"Haya," bibi akasema. "Na mie mikono inaniuma. Mjukuu wangu akipata pahala ziwani, mikono itapona. Asipopata, fungeni wenyewe."

Wakafunga wenyewe. Walikaza kavu, bila mate. Walimtilia perege chubwi la kambale. Nyumba nyingi zikalala na mlenda, na wake zao wakawa wanapita kwetu kusalimia kwa sauti kubwa, "Bibi Salima, mikono inaendeleaje?" halafu wanacheka mpaka wanashika ukuta. Bibi alijibu kuwa bado inamuuma, lakini dawa yake iko kwa Seif. Sina hakika ni nini hasa kilichomshinda mjomba, njaa au vile vicheko.

Siku aliyokuja hakuingia ndani. Alisimama kwenye mpera akasema, "Na aje basi. Akae kule kwenye mkunjo." Mkunjo ulikuwa pembe ya ziwa yenye matope, hakuna mtu aliyekuwa akikaa huko hata kwa kulipwa. Alikuwa amenipa pahala ili nishindwe mbele ya watu, nirudi nyumbani kwa miguu yangu mwenyewe. Nililijua hilo, japo nilikuwa mtoto. Nikasema, "Ahsante, Mjomba."

Bibi hakunichagulia. Aliniwekea nyuzi, ndoana na plagi mbele yangu, akaendelea kuchambua mchele. Nikatia plagi mwisho wa uzi, na ndoana juu yake kwenye kitawi kifupi, fundo kwa mate, ncha kwa moto, upesi. Nilipita mbele ya wavuvi wote na ufito wangu wenye mshipi begani. Hakuna aliyeitikia salamu yangu. Nikasalimia tena, kwa sauti zaidi, nikaenda kukaa matopeni.

Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha uzi ukatomaswa, ukatulia, ukatomaswa tena, halafu ukaondoka. Nilivuta. Yule kambale alinipeleka mpaka magotini ndani ya tope, nikaanguka, nikainuka, nikamtoa nje kwa makelele ambayo nadhani yalifika kijiji cha Mbwara. Fundo lilishika. Nikamtungia kamba nikapita naye tena mbele yao, nimejaa tope mpaka nyusi, polepole, nikiwasalimia mmoja mmoja kwa jina. Safari hii wawili waliitikia.

Sikuwekwa ndani mwaka ule. Niliendelea kukaa kwenye mkunjo, na wasichana wawili wa jirani wakaja kukaa na mimi.

Miaka mingi baadaye, bibi ameshatangulia mbele ya haki, Mjomba Seif alikuja kukaa kwangu hapa Kibiti kwa matibabu ya macho. Nilimpikia, nilimfulia, nilimshika mkono kwenda msikitini. Siku moja tumekaa uani, akaniambia bila kuulizwa, "Mwajuma, mie nilikuwa nikikuona unaruka ile mishipi. Tangu huna meno ya mbele. Na mama nilimwona. Sote tulikuwa tunajua."

Nikamuuliza kwa nini hawakusema.

"Samaki si walikuwa wanakula? Uliposema mbele ya watu ndipo ilibidi tufukize," akajibu, akacheka kidogo.

Mimi sikucheka. Nilikasirika upya, hasira ya miaka yote hiyo ikanikaa kifuani, na nawaambieni ukweli, haijatoka. Utotoni niliamini kuwa wanaume wale waliogopa nuksi, na kwamba siku nikiwathibitishia haipo, watanisogezea nafasi. Kumbe nuksi hawakuiogopa hata kidogo. Walijua kuwa haipo, na chai iliyorushwa juu ya mishipi waliinywa kila siku. Walichokiogopa ni mimi kukaa pale ziwani. Mtu asiyejua unaweza kumwelimisha, lakini anayejua huna la kumfundisha, inabidi umpite. Na mimi nilimpita, nikiwa bado sijui kusuka nywele zangu mwenyewe.