Alama ya Chupa ya Chai

Biashara ya nje ilipofunguliwa, maduka ya Tukuyu yalijaa chupa za chai za Kichina, nyekundu, zenye alama ubavuni iliyokaa kama madirisha mawili. Mimi nilikuwa fundi wa mabango. Mjane mmoja wa Kisondela akaniletea chupa yake: alitaka niichore alama ile kwenye msalaba wa saruji wa mumewe. Marehemu ndiye aliyeinunua, na kila jioni alimmiminia mkewe chai kwa mkono wake. Maana ya alama mjane hakuijua, wala mimi. Nikaichora. Jumapili ndugu wangekuja kubariki kaburi.

Ijumaa akaingia kibandani Mchina wa kambi ya barabara, akitaka kibao. Akaona ubao niliofanyia majaribio ya alama ile, akacheka.

"Harusi?"

"Kaburi," nikamwambia.

Kicheko kikakatika. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akanieleza: ni neno moja, furaha, limeandikwa mara mbili, yote mawili yakashikana. Mume, mke. Kwao hubandikwa kwenye milango ya maharusi. Kisha, bila hata kuomba, akachukua burashi yangu, akaichovya kwenye maji, akageuza ubao na kuliandika: juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia, kila mstari mara moja, hakuna kurudia. Babu zao, alisema, waliandika hivyo tangu zamani za kale, kwa wino wa masizi waliousaga juu ya jiwe. Mimi nilikuwa nimechora ukingo kwanza, nikajaza rangi.

"Wewe napaka ukuta," akasema.

Nilikasirika, jamani! Mabango yote ya stendi ni mkono wangu. Lakini maandishi yake ya maji yalikuwa hai, na yangu yamesimama tu. Niliyatazama mpaka yakakauka.

Nikabeba mafuta ya taa na tambara, nikashuka Kisondela kwa miguu, manyunyu yakininyeshea. Alama ya harusi juu ya kaburi! Nilimwonea huruma yule mama kuliko nilivyojionea aibu. Nikamkuta mgombani, kando ya kaburi, nikamweleza yote.

"Mama, naifuta sasa hivi, Jumapili watu wasije wakakucheka."

Akaigusa rangi kwa kidole.

"Moja yake, moja yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Ndaga, asante, mwanangu. Weka chini hilo tambara." Akaonyesha nyasi za pembeni mwa kaburi. "Na mimi mkija kunilaza hapo, msinichoree nyingine. Yangu ni hiyo."