Wavu wa Osniel: fundi Nereida na glavu iliyokwenda kwa watani

Saa mbili kasoro asubuhi, Ijumaa. Nereida Zaldívar amekaa barazani kwake hapa El Jobal, sindano mbili kazibana kwa meno, glavu ya besiboli kaibana kwa magoti, na wanaume saba wanampigia kelele kichwani.

"Bi Nereida, hiyo kitu usiishone!" anafoka mmoja.

"Ishone, lakini ishone vibaya!" anadakia mwingine.

"Nyie hamna wake nyumbani?" anajibu bila kupanua mdomo, maana akiupanua sindano zitaanguka.

Glavu ni ya Osniel Carrión, mrushaji wa mkono wa kushoto, miaka ishirini na mitatu, mtoto wa nyumba ya tatu kutoka hapa. Kesho saa nane mchana Osniel atarusha mpira wa kwanza wa nusu fainali. Mtaa mzima ungekuwa unapiga ngoma na masufuria sasa hivi, kama si balaa moja. Atarusha akiwa ndani ya jezi ya bluu ya Pelikani.

Pelikani, jamani! Watani wa jadi. Hao hao walioitoa timu ya hapa, Wachoma Mkaa, siku ya mwisho kabisa ya ligi, kwa mpira mmoja uliomponyoka mtu mikononi.

Kanuni ndiyo iliyoleta yote haya. Timu zikiingia mtoano, kila moja huruhusiwa kuchagua wachezaji watano kutoka timu zilizotolewa. Pelikani hawakuwa na mrushaji hata mmoja wa kushoto. Walipopewa nafasi ya kuchagua, jina la kwanza kutoka midomoni mwao lilikuwa la Osniel.

"Wametufunga, halafu wakamwazima mtoto wetu," anasema Nereida. "Ni kama mtu akuibie kuku, kisha arudi kukuomba chumvi."

Na ingekuwa nafuu kama wanaocheza na Pelikani wangekuwa watu wa maana. Ni timu ya mji mkuu. Hapa El Jobal timu ya mji mkuu haipendwi hata na padri.

Ndiyo maana tangu Jumatatu kijiwe cha besiboli, benchi mbili za chuma mbele ya kanisa, kimepoteza mwelekeo. Watu wanaanza sentensi wakiwa upande huu, wanaimaliza wakiwa upande ule. Wiki hii benchi zimebaki tupu kabisa, kwa kuwa mabishano yenyewe yamehamia barazani kwa fundi.

"Vita vya panzi, furaha ya kunguru," anasema Cundo, mwendesha gari la farasi, akimenya karanga. "Tukae pembeni tule karanga zetu. Waumizane."

"Na Osniel je?" anauliza Nereida.

Cundo anatafuna polepole. "Hapo sasa ndipo ninapochanganyikiwa."

Nereida ana miaka sitini na mmoja. Kazi ya kushona viatu alifundishwa na mumewe, Eladio, aliyefariki miaka tisa iliyopita. Alimwachia kalibu mbili za mbao za kuundia viatu, kisu kimoja kizuri, na nafasi yake kijiweni. Ni mwanamke pekee anayeketi pale. Mwezi wa kwanza hawakumsemesha. Mwezi wa pili aliwatajia matokeo ya fainali tisa mfululizo bila kukosea, na tangu hapo hawajathubutu kumpuuza.

"Mume wangu alipokufa, nyumba ilikuwa inanizomea," anasema. "Saa kumi na moja jioni nilikuwa nakwenda kule nigombane na mtu. Nikishagombana, narudi nalala vizuri."

Soli moja anatoza peso mia mbili na hamsini, na trei ya mayai imefika elfu tatu, kwa hiyo mayai kwake ni hadithi ya sikukuu. Uzi anachomoa kwenye matairi mabovu ya malori. Kamba za ngozi anakata kwenye matandiko ya farasi wa Cundo yaliyochakaa. Glavu za watoto anazishona kwa malipo ya ndimu, muhogo, au shukrani tu.

Osniel hajawahi kumlipa hata ndimu. Alikuja kwake akiwa na miaka saba, analia, kwa sababu glavu ya mtu wa kushoto haikupatikana mkoa mzima. Nereida akamshonea ya kwanza kwa turubai la lori na ulimi wa buti. Na kila aliyovaa tangu siku hiyo imepita mikononi mwake.

Jana jioni alikuja tena. Alipita njia ya uani, na tumbo lake limevimba upande mmoja.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Na hiyo tumboni ni nini, umeshika mimba?"

Osniel akachomoa kofia ya bluu kutoka ndani ya shati. "Ni kofia yao. Tumeambiwa tuivae kila tunakokwenda."

"Irudishe tumboni."

Akairudisha. Kisha akatoa glavu. Wavu ulikuwa umekatika pande mbili, wavu maana yake ile sehemu iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. "Nisukie kama siku zote, shangazi. Ile nyingine waliyotaka kunipa ni ya wanaorusha kwa kulia. Sina nyingine."

Kama siku zote. Kwa mrushaji, wavu husukwa ukaziba kabisa, pasipite hata mwanga, ili mpigaji asione vidole vinavyoushika mpira ndani ya glavu. Akiviona, anajua unakuja mpira gani, na mchezo umekwisha. Wachezaji wengine wavu wao husukwa wazi, ili waudake mpira na kuutoa upesi. Wapigaji wa mji mkuu wanasifika kwa macho. Wanakuchungulia mpaka ulichokula.

Basi leo asubuhi Nereida anasuka, na kijiwe kinabishana.

Mwenyekiti wa kijiwe, Fermín Armenteros, fundi mitambo mstaafu wa kiwanda cha sukari, anasimama kana kwamba yuko mahakamani. "Sheria tuliiandika sote. Anayewasaidia Pelikani haketi benchini msimu mzima. Msimu mzima, Nereida! Sisemi kwa ubaya."

"Simsaidii Pelikani. Namshonea Osniel."

"Osniel kesho ni Pelikani."

"Na keshokutwa?"

"Keshokutwa... ah!" Armenteros anakuna kidevu. "Pelikani wakitolewa anarudi nyumbani, ni wetu. Wakipita, ni wetu pia, lakini tutakuwa hatusemezani naye. Sijui. Usinichanganye!"

Wanacheka wote, Nereida pia, na mikono yake inaendelea kupitisha kamba, juu, chini, juu. Wiki nzima imekuwa ikipitisha hivyo. Amemaliza glavu kumi na moja za watoto wa shule.

Saa nne kazi imekwisha. Anapaka mafuta, anatia mpira ndani ya glavu, anaikunja, anaifunga kwa kitambaa. Kwa watu wa hapa, glavu iliyosukwa upya hulala na mpira tumboni, na haifunguliwi mpaka saa moja kabla ya mchezo. Ukiifungua mapema umejitakia mkosi. Osniel anaipokea hivyo hivyo, imefungwa, anamkumbatia Nereida, anapanda gari la Cundo kuwahi basi la kurudi kambini.

Adhuhuri Nereida anafagia baraza. Chini ya kigoda anaokota kipande cha kamba ya ngozi.

Anakitazama. Anakinyoosha. Ni kirefu kama mkono wake, kuanzia bega mpaka ncha za vidole.

Wavu wa kuziba hula kamba yote. Haubakizi hata cha kufungia kiatu cha mtoto.

"Mungu wangu," anasema, na anakaa sakafuni na ufagio mkononi. "Nimemsukia wazi."

Anampigia Osniel simu. Imezimwa; kambini simu hukusanywa siku mbili kabla ya mchezo. Anapiga kwa mama yake Osniel, ambaye naye hana namba ya mtu yeyote kule. Na hata wangempata, nani kule Santa Orosia, mji wa Pelikani, angeusuka? Fundi wa kule hajawahi kuishika glavu ya kushoto maishani mwake.

Habari inafika kijiweni kabla ya chakula cha mchana. Armenteros anakuja mbio, uso unang'aa.

"Nereida! Mkono wako umetutetea!"

"Nyamaza, Fermín."

"Miaka yote tunatukana tu benchini. Wewe umewamaliza kwa kamba moja! Iache hivyo hivyo!"

"Nimekwambia nyamaza!" Nereida anapaza sauti mpaka kuku wa jirani wanaruka. "Yule mtoto kesho atafungua kile kitambaa mbele ya watu wote. Ataona ni wazi. Atajua ni mimi. Atafikiri nimekusudia."

"Si umwambie tu hukukusudia?"

Nereida anaweka ufagio chini. Machozi yanamlengalenga, anayafuta kwa aproni yenye gundi.

"Ndilo nisilolijua, Fermín. Mlikuwa mnapiga kelele. Mikono ilikuwa imezoea glavu za watoto, za wavu wazi. Lakini kweli nawachukia Pelikani, nawachukia tangu nikiwa msichana. Kama mkono ulikosea au ulitaka, mimi mwenyewe sijui."

Mwenyekiti anavua kofia, anaigeuzageuza.

Jumamosi, saa nne asubuhi, lori la kwanza la abiria linaondoka El Jobal kwenda Santa Orosia, kilomita tisini. Nereida amekaa pembezoni, mkoba mapajani, ndani mna sindano, kisu, mafuta na kamba mpya. Mkabala naye ameketi Armenteros, kavaa shati la kijani la Wachoma Mkaa, kalifunika kwa koti.

"Unakwenda wapi?" anauliza Nereida.

"Kwa daktari wa meno."

"Jumamosi?"

"Jino halijui Jumamosi."

Cundo, nyuma yao, anakohoa. Yeye anasema anakwenda kuangalia farasi anayeuzwa. Hakuna anayemuuliza farasi gani. Njia nzima wanaume hao wawili wanabishana kama Osniel akimtoa mpigaji wa kwanza ni halali kupiga makofi, au kutikisa kichwa tu. Wanafika Santa Orosia hawajaafikiana.

Saa saba mchana uwanja wa Pelikani ni bluu tupu. Mlinzi wa geti anamtazama Nereida, anautazama mkoba, anaona kisu.

"Bibi, hicho ni cha nini?"

"Mimi ni fundi wa glavu ya Carrión."

"Fundi kutoka wapi?"

Angeweza kudanganya. "El Jobal."

Mlinzi anacheka mpaka anashika ukuta. "Kutoka kwa Wachoma Mkaa! Umekuja kutuloga?" Lakini anamtuma mtu kumwita mchezaji, na kisu anakibeba mwenyewe mpaka ndani.

Osniel yuko nyuma ya jukwaa, karibu na bomba la maji. Kitambaa ameshakifungua. Mkono wake umo ndani ya glavu, ameuinua kwenye jua, na mwanga unapita katikati ya wavu na kumwangukia usoni. Vidole vya kushoto vimeshika mpira nyuma ya wavu, na ukiwa hatua ishirini unaviona vyote, unaweza kuvihesabu.

Anamwona Nereida. Hasemi shikamoo.

"Shangazi. Ulikusudia?"

Kilomita tisini Nereida amekuwa akijifunza kusema hapana. Hapana, mwanangu, ni kelele za wale wapumbavu. Hapana, ni macho yangu, uzee huu. Jibu amelipanga vizuri, lina mwanzo na mwisho.

"Sijui," anasema. "Tangu jana najiuliza. Naapa kwa kaburi la Eladio, sijui. Ila nimekuja kuusuka upya."

Osniel anamwangalia. Nje ngoma za Pelikani zimeanza, mtu anapuliza tarumbeta vibaya. Kijana anavuta ndoo, anaigeuza, anaketi. Glavu haivui. Anamnyooshea mkono ikiwa humo humo.

"Basi leo suka nikiwa naona," anasema.

Nereida anapiga magoti kwenye simenti. Anakata kamba ya jana, anaanza na mpya, juu, chini, anakaza kwa meno. Osniel haondoi macho kwenye vidole vya Nereida hata mara moja. Ni mtoto aliyekula supu yake ya maharagwe meusi tangu mdogo, na leo anamkagua kama mkaguzi wa mizani sokoni. Nereida halalamiki. Anasuka dakika arobaini, jasho linamdondoka puani, na akimaliza anauinua ule mkono kwenye jua mwenyewe. Hakuna mwanga unaopita.

"Asante, shangazi," anasema Osniel, anaondoka kwenda kupasha mkono.

Nafasi zilizobaki ziko jukwaa la bluu tu. Nereida anakaa kati ya Armenteros, ambaye koti limemshinda kwa joto na shati la kijani liko nje sasa, na bibi mmoja wa Santa Orosia anayemgawia kashata ya mapera bila kujua anamgawia nani. Anaulizwa anashangilia nani. Anasema asiulizwe swali hilo kabla hajanywa maji.

Lakini anachotumaini anakijua. Nusu fainali ni ya michezo kadhaa, na zamu ya pili ya Osniel ni Alhamisi. Kamba mpya hulegea ikishapigwa na mpira, kwa hiyo itabidi ikazwe tena.

"Natumaini ataniletea mimi," anasema Nereida Zaldívar, macho kwenye kilima cha kurushia ambako kijana wa kushoto anakanyaga mchanga kwa mara ya kwanza. "Na akiniletea, natumaini atainuka, aende zake akanywe kahawa, aniache na glavu peke yangu."