Mzizi wa Shangazi Skolastika

Nilipokuwa bado msichana wa kutumwatumwa, pale Mkula, wazee waliamini kwamba mzizi wa kufungua uzazi hubebwa na mtoto ambaye hajavunja ungo, naye akishauchimba hafungui mdomo mpaka aufikishe. Akisalimu mtu, au akiitikia tu, dawa imekufa.

Mzizi wenyewe ulikuwa wa shangazi yangu Skolastika. Miezi ilipita bila yeye kuona siku zake, vindevu vilikuwa vimeanza kumchipua kidevuni, na mtoto hakuna. Mama mkwe wake, Bibi Leokadia, alikuwa ameshatamka kwamba mavuno yakiisha angemrudisha kwao. Ndipo bibi yangu, mama yake shangazi, akanituma niuchimbe nimpelekee.

Jamani, kumpita mkubwa bila shikamoo! Kwetu hilo lilikuwa kosa la fimbo. Nilipita kwenye tuta la mpunga nimebana midomo, mzizi nimeuviringisha kwenye jani la mgomba, nikiomba nisikutane na mtu. Nikakutana na Bibi Leokadia mwenyewe, jembe begani. Nikajua yamekwisha. Angeniita jina tu, kwa jinsi nilivyomwogopa, ningeitika.

Alilitazama lile jani, akanitazama mimi. Kisha akashuka kwenye tuta, akasimama ndani ya maji ya mpunga, akanipisha. Wanawake waliokuwa wakipalilia jirani waliona yote.

Shangazi hakurudishwa. Baada ya misimu kadhaa alimzaa binamu yangu Neema, na sifa zote zikaenda kwa mzizi.

Mwaka huu, hospitalini Ifakara, nimeambiwa nina tatizo la homoni: ovari zangu zina vijifuko vingi, ndiyo maana siku zangu hupotea. Daktari, dada mmoja mpole, alinieleza kwamba kuna viambato vya mimea vinavyochunguzwa kwa ajili ya tatizo hili, vingine vinatia matumaini, ila ushahidi bado hautoshi.

"Usinywe mizizi kimyakimya," alisema. "Ukitumia chochote, niambie."

Nikapanda bodaboda hadi kwa shangazi, nimwulize ule ulikuwa mzizi gani. Alicheka hadi akajishika mbavu.

"Ule? Sikuumaliza hata kikombe, mwanangu. Mchungu huo! Nikautapika, uliobaki nikaumwaga nyuma ya choo. Wewe fuata za hospitali."

"Sasa shangazi, mbona hukurudishwa?"

"Mama mkwe alishakupisha wewe mbele za watu, ili dawa yangu isife. Angenifukuzaje tena? Jioni ile alikuja mwenyewe kuniuliza kama nimekula."

Watafiti wakiupata mzizi ule na ukaonekana unafaa, nitafurahi kuliko wote. Lakini shukrani yangu, ambayo kwa miaka mingi niliupa mti, sasa nampa Bibi Leokadia, Mungu amlaze pema. Mama yule alikuwa mkali kweli, na siku ile alijishinda.

Niliporudi nyumbani nilimweleza mama mkwe wangu ugonjwa wangu wote, jambo nililokuwa nikiliogopa tangu nitoke hospitalini. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza daktari amesema nile nini, akaenda jikoni.