Saa Iliyosema Sikulala

Mimi nililala. Wacha nianze hapo, kwa sababu kwa wiki tano nzima watu wazima, wengine wamesoma mpaka chuo, walinibishia jambo hilo nikiwaambia kwa mdomo wangu.

Masomo sikupata mengi. Nilitoka darasa la tatu wakati ng'ombe wa baba walikosa wa kuwachunga, na mwalimu hakuja kuniuliza. Lakini kulala sikufundishwa na mwalimu. Niko Kivaa, upande wa Masinga, nalima mahindi na ndengu, na niko na ng'ombe wawili wa maziwa. Saa tatu usiku nimeshalala. Saa kumi na moja alfajiri nimeshaamka, nakamua. Nimefanya hivyo tangu nilipooa, na nilioa kabla lami ifike kwetu.

Binti yangu wa kwanza anaishi Mlolongo, anafanya kazi kwa kiwanda cha rangi. Kila asubuhi akienda kazini alikuwa ananipigia simu, na neno lake la kwanza lilikuwa moja tu: "Umelalaje, baba?" Na mimi namwambia. Kama goti limeniuma, namwambia. Kama nimeota nyuki wameingia kanisani wakati wa sadaka, namwambia hiyo pia, mpaka mwisho. Alikuwa anacheka na watu wa kwenye gari wanamgeukia. Hiyo simu ilikuwa kama chai kwangu.

Halafu mdogo wangu akafa. Alianguka tu shambani, jembe mkononi. Kwenye mazishi mtu fulani akasema eti marehemu hakuwa anapata usingizi, na usingizi ukikosekana moyo unachoka. Binti yangu akalishika hilo neno. Mwezi uliofuata akaja nyumbani na saa ya mkononi, nyeusi, haina mishale, na simu ya kupangusa ya kuandamana nayo. Alikuja pia na mjukuu wangu, yule msichana wake wa chuo, ndiye fundi wa mambo hayo.

"Babu, leta mkono," mjukuu akasema. "Unalala saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Na unaamka?"

"Saa kumi na moja."

Akabonyeza, akabonyeza, akasema tayari. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga ndama. Mke wangu alikuwa anachambua ndengu pale kando. Akauliza, "Na hiyo saa itamwambia aache kukoroma?"

"Itatuambia kama analala, susu," mjukuu akamjibu bibi yake.

"Kwani hiyo ni siri? Huyu akilala mbuzi wote wanajua."

Sasa sikiliza ujinga ulioanza. Kumbe hiyo saa inakata usingizi vipande kama nyama ya buchari. Kuna usingizi mwepesi, kuna wa ndoto, kuna usingizi mzito, na huo mzito ndio steki, wengine ni mifupa tu. Mimi nimelala miaka hii yote bila kujua nakula mifupa. Asubuhi ya kwanza, simu ikalia mapema. Nikajitayarisha kusema habari ya goti. Binti yangu hakuuliza kitu.

"Baba, umelala vibaya sana."

"Nani amesema?"

"Nimeona kwa simu yangu, saa imenitumia. Usingizi mzito dakika sita. Dakika sita, baba! Jumla masaa mawili."

"Nimelala kama gogo."

"Unadhani umelala."

Unadhani! Mtoto niliyembeba mgongoni kumpeleka hospitali ya Machakos akiwa na surua ananiambia nadhani nimelala. Nikampa mama yake simu. Mama yake akamwambia, "Huyu mzee amekoroma kama mashine ya kusaga unga mpaka nikampiga kiwiko." Unajua alijibiwa nini? "Mama, kukoroma si kulala."

Basi amri zikaanza kuja. Nisinywe chai ya rangi baada ya saa kumi jioni. Nisilale mchana. Redio isiingie chumbani. Taa ya sola izimwe mapema. Nitasema ukweli, kwa sababu sina haja ya kudanganya mtu kwa umri huu: hiyo ya chai ilikuwa kweli. Nilikuwa nakunywa vikombe viwili vizito jioni, na nilipoacha nikaona siamki tena kwenda choo kila mara. Na ule usingizi wangu wa mchana ulikuwa umekuwa mrefu kama wa mgonjwa. Hayo nakubali. Lakini hakuna hata moja lililobadilisha saa. Dakika nane. Dakika tano. Siku moja ikasema sifuri, na binti yangu akalia kwenye simu.

Nilifikia mahali pa aibu. Nilikuwa nalala chali bila kutikisika, mkono wa saa juu ya kifua, kwa sababu mjukuu alisema inasikiliza mapigo na kutulia kwa mwili. Mke wangu akaniangalia akasema, "Mzee, ukitaka kujaribu jeneza, sema tuite fundi akupime." Nilikasirika usiku huo mpaka kweli usingizi ukakataa. Sasa ona! Nimelala miaka yote bila kusaidiwa, na siku nilipoanza kujitahidi ndiyo siku niliyoshindwa.

Wiki ya tano uamuzi ukapitishwa. Si na mimi. Watoto walikutana huko kwenye simu zao wakaamua kwamba kinachoniua ni kuamka alfajiri kukamua. Ng'ombe wauzwe, shamba lipewe mtu alilime, na sisi wazee tuhamie Mlolongo, kwa nyumba ya binti yangu, orofa ya tatu, tupumzike. Mnunuzi wa ng'ombe angekuja Jumatatu. Mimi nitangulie Jumamosi nijaribu kulala huko.

Mlolongo! Mimi Mlolongo naijua, nilivunja mawe kwenye machimbo huko nikiwa kijana. Ni mahali malori yanajipanga usiku kucha yakingoja mizani. Kuna watu wanahama Mlolongo kutafuta usingizi, na mimi napelekwa huko kuutafuta.

Mke wangu alikataa kutoka. "Saa imefungwa mkono wako, haikunifunga mimi," akasema, akaenda kuwapa ng'ombe maji. Alinigeuzia mgongo, lakini niliona anavyomkwaruza yule mwekundu katikati ya pembe, polepole, kama mtu anayeaga.

Jumamosi hiyo tulikula vizuri, siwezi kulalamika juu ya chakula. Saa tatu nikaenda kulala kama kawaida. Mjukuu alikuwa bado na vitabu vyake pale sebuleni. Nikamwambia, "Koma nesa." Huyo msichana amezaliwa Mlolongo, Kikamba chake ni cha kuazima.

"Nikome nini tena, babu? Si nimenyamaza tu?"

"Nimesema ulale vizuri!"

Tukacheka. Hicho ndicho kicheko cha mwisho nilichopata usiku ule. Lori linapanda gia, lingine linashusha pumzi ya breki, mtu anapiga honi kana kwamba amepoteza ndugu yake. Kwa jirani wa juu kiti kinaburutwa. Nilimfikiria yule mwekundu anavyopandishwa pikapu. Nilihesabu mabati ya nyumba yangu yote kwa kichwa, nikayarudia. Usingizi ulinichukua saa tisa usiku imepita, na ulinichukua kama mwizi, kwa nguvu, kwa sababu nilikuwa nimechoka kulia. Nimesema nitasema ukweli.

Nilipofungua macho jua lilikuwa limejaa chumba. Saa nne asubuhi. Misa imepita, mara ya kwanza nakosa misa nikiwa mzima. Kichwa kilikuwa kizito kama debe la maji. Nikatoka sebuleni nimeshika ukuta, na binti yangu akanirukia shingoni.

"Baba! Usingizi mzito saa moja na robo! Unaona? Ni hao ng'ombe! Nilisema!"

Hapo ndipo nilipopasuka. Nikamwambia huo ulikuwa usiku mbaya kuliko usiku wa kumzika mdogo wangu. Nikamwambia sijalala mpaka karibu jogoo wa kwanza, na kama hiyo saa inausifu usiku kama huo, basi ni mwongo, na yeye analelewa na mwongo. Mjukuu akaja mbio na simu ili kutupatanisha.

"Babu, tulia. Tazama mwenyewe. Hapa umeanza kulala tatu na nusu."

"Saa tatu na nusu nilikuwa macho, nakusikia ukifungua kurasa."

"Hapana, tatu na nusu hii ya..." Akaangalia simu, akaniangalia mimi. "Babu. Ile siku nikikuuliza unalala saa ngapi, ulisema saa tatu. Ulikuwa unamaanisha saa tatu gani?"

"Ziko ngapi? Saa tatu ya usiku, baada ya taarifa ya habari!"

Akajishika mdomo. Msichana alikuwa ameandika tatu, vile nilivyotamka. Na kwa hesabu ya hiyo saa, ambayo ni ya Kizungu, tatu ni saa tisa usiku. Kumi na moja niliyosema ya alfajiri, kwa hiyo saa ni saa tano asubuhi, wakati mimi nimekamua, nimepalilia, nimekunywa uji na nimegombana na watu wawili. Ilikuwa inanilinda kuanzia saa tisa usiku mpaka saa tano. Usiku wangu wote wa mbele ilikuwa imeufungia nje ya mlango. Na mjukuu akaeleza mwenyewe, sauti chini, kwamba huo usingizi mzito watu huupata zaidi mwanzoni mwa usiku.

"Kwa hiyo steki yangu yote mliitupa," nikasema, "mkanipimia mifupa."

Binti yangu alikaa kwenye mkono wa kochi. "Niliogopa, baba. Baba mdogo alianguka hivi hivi tu."

"Najua uliogopa. Lakini mama yako alikuambia. Mimi nilikuambia. Ulikuwa na midomo miwili ya kukuambia, ukaamini kidude."

Alichukua simu akatoka nje kwenye ngazi, nikamsikia akimwambia yule mnunuzi asije Jumatatu, wala siku nyingine. Jioni hiyo nilikuwa Kivaa. Mke wangu alinipokea mfuko akaniuliza kama Mlolongo wanalala. Nikasema wanajaribu.

Saa ilirekebishwa. Sasa inasema usingizi mzito dakika hamsini, siku nyingine arobaini, na mjukuu anasema kwa mzee hiyo si mbaya, tena saa inakisia tu, nisiangalie usiku mmoja, niangalie mwezi mzima na vile ninavyojisikia nikiamka. Mbona hakuanza na hilo la mwisho? Bado naivaa, kwa sababu binti yangu aliniomba, na chai ya jioni sijairudia. Lakini niliweka sharti langu, na nililiweka kwa ukali, na bado niko mkali nikilikumbuka: asinipigie simu kuniambia nilivyolala.

Leo asubuhi simu ililia nikiwa nashika chuchu ya yule mwekundu. Nikasikia makelele ya stendi, halafu binti yangu akivuta pumzi, kama mtu anayemeza neno.

"Umelalaje, baba?"

Nikaweka ndoo chini. Nikamwambia habari ya goti, na ya mbwa wa jirani, na ya wale nyuki, ambao safari hii walikuwa wameingia ofisi ya chifu. Gari lake lilifika nikiwa bado katikati. Akalipanda, na hakukata simu.